Pa Kuogelea Wakati wa Kiangazi: Namna Mkazi wa Igoma Anavyoweza Kuyachagua Maji

Igoma ni kata isiyo na ufukwe. Anayesimama kando ya barabara kuu iendayo Musoma huona majabali, mapaa ya bati na vumbi la kiangazi. Ziwa halimwonekei, ingawa jiji zima limejengwa ubavuni mwake. Hata hivyo ni vigumu kuitaja kata nyingine ya Mwanza iliyobeba kumbukumbu ya ziwa kwa uzito kama hii. Hapa ndipo walipozikwa wengi wa waliopoteza maisha katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba, na hapa ndipo ulipo mnara wa kuwakumbuka. Watoto wa Igoma hukua wakiyapita makaburi hayo. Wengi wao husikia nyumbani agizo moja tu kuhusu maji: msiende.

Agizo hilo lina sababu zake, wala hakuna anayeweza kumlaumu mzazi anayelitoa. Tatizo ni kwamba halitii mtu. Mwezi Juni shule zinapofungwa na jua linapokaza, watoto huenda. Kwa kuwa wamekatazwa, huenda kwa siri. Na kwa kuwa huenda kwa siri, huenda karibu: kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, kwenye shimo lililoachwa na wachimba mchanga, kwenye dimbwi la kijito lililobaki baada ya masika. Kati ya maji yote anayoweza kuyafikia mkazi wa Igoma, hayo ya karibu ndiyo yanayostahili kuogopwa zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, na ni maji gani yanafaa kutafutwa badala yake.

Maji yaliyotulia na maji yenye mawimbi

Anayetafuta pa kuogelea katika nchi ya Ziwa Victoria hukutana na hatari mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kuzama. Ya pili ni kichocho. Laiti zingekaa mahali pamoja, kazi ingekuwa rahisi, kwani mtu angezikwepa zote kwa hatua moja. Lakini kila moja ina makao yake. Maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye kivuli na majani pembeni, ambayo mzazi huyaona kuwa salama kwa mtoto asiyejua kuogelea, ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Maji ya wazi yanayopigwa na mawimbi, ambayo konokono hao hawayapendi, ndiyo yanayoweza kumchukua mtoto huyo huyo.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kufuata safari ya mnyoo wa kichocho. Mtu mwenye ugonjwa anapojisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo huingia ndani ya maji na kuanguliwa. Vitoto vyake havimwingii mtu mwingine moja kwa moja. Hutafuta kwanza konokono wa aina maalumu. Ndani ya konokono huongezeka kwa wingi, kisha hutoka wakiwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wakiogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Wakiipata huitoboa kwa muda wa dakika chache. Hakuna jeraha linaloonekana; kwa baadhi ya watu hutokea mwasho wa muda, wengine hawahisi lolote. Wiki kadhaa baadaye minyoo imekwisha kukomaa ndani ya mishipa ya damu na kuanza kutaga.

Mwanza ina aina mbili za ugonjwa huu, na mpaka kati yake ni jambo linalowahusu sana wakazi wa Igoma. Kandokando ya ziwa hutawala kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na choo kikubwa na ambacho kwa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha wengu. Bara, kwenye malambo na vijito vya Usukuma, hupatikana kichocho cha mkojo, kinachojulikana kwa damu kwenye mkojo na maumivu wakati wa kukojoa. Aina hii ya pili huweza kuathiri viungo vya uzazi vya wanawake na wasichana, na mara nyingi dalili zake hudhaniwa kuwa za magonjwa ya zinaa, hivyo mgonjwa hubeba aibu isiyo yake. Igoma iko kati ya nchi hizo mbili. Mtoto wa hapa anaweza kupata ugonjwa wa bara kwenye lambo siku ya Jumamosi na ule wa ziwani Jumapili akipelekwa kutembea ufukweni.

Konokono wa malambo wana tabia moja ambayo wengi hawaifahamu. Lambo likikauka, wao hawafi wote. Hujizika katika tope, hutulia humo kiangazi kizima, na mvua zikirudi huamka na kuanza tena. Kwa hiyo hoja isikikayo mitaani, kwamba lambo fulani ni safi kwa sababu lilikauka mwaka jana na maji yake ni mapya ya mvua, haina msingi. Vivyo hivyo maji kuwa maangavu si ushahidi wa usafi wake. Konokono huishi vizuri katika maji maangavu.

Mashimo

Kwa upande wa kuzama, mashimo yanastahili neno la peke yake. Pembezoni mwa jiji linalojengwa kwa kasi, mchanga, kokoto na udongo wa matofali huchimbwa popote vinapopatikana, na wachimbaji wakihama shimo hubaki. Masika hulijaza. Ziwani ufukwe huteremka pole, na mguu wa mtu humwonya kabla maji hayajafika kifuani. Shimo halitoi onyo hilo. Kingo zake zimekatwa wima, udongo wake wa mfinyanzi huteleza, na hatua moja hutosha kumtoa mtoto kwenye maji ya magoti na kumtupa yanapomzidi kimo. Akitaka kutoka, kingo humomonyoka mikononi mwake. Mara nyingi wenzake ni watoto wa umri wake, na anayejaribu kumvuta hufuatana naye. Ni haki kusema wazi kwamba hakuna namna salama ya kuogelea katika shimo la machimbo, wala hakuna saa ya siku inayolifanya kuwa afadhali.

Mkazi anayelijua shimo la namna hiyo lililoachwa bila kufukiwa wala kuzungushiwa uzio anapaswa kulitolea taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya mtendaji wa kata, akitaja mahali lilipo na, kama anafahamu, nani alikuwa akichimba. Taarifa ya kabla ya masika ina faida kuliko ya baada, kwa kuwa shimo kavu hufukiwa kwa gharama ndogo.

Kulichagua ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Haiwezekani kulisema lote kwa neno moja, ama salama ama hatari. Hata ndani ya Mwanza tofauti ya mita mia mbili hubadili kila kitu. Anayekwenda kuogelea hulazimika kuusoma ufukwe kabla ya kuvua viatu.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni mimea. Palipo na matete, magugumaji yaliyosukumwa na upepo, au majani yanayoota ndani ya maji, pana makao ya konokono; pia hapo ndipo mamba na kiboko hujificha. Ufukwe wa mchanga au changarawe, usio na majani, uliofunguka upande wa ziwa na kupigwa na mawimbi kila siku, huwa na konokono wachache zaidi. Usemwe ukweli kwamba wachache si sawa na hakuna, kwani mikondo huweza kuwaleta wale viumbe wadogo kutoka ghuba ya jirani. Hakuna sehemu ya ufukwe wa ziwa hili ambayo mtu mwaminifu anaweza kuithibitisha kuwa haina kichocho kabisa.

Jambo la pili ni watu. Mwalo wenye pilikapilika nyingi si mahali pa kuogelea, hata kama vijana wanaogelea hapo. Penye mitumbwi mingi, wafuaji, waosha vyombo na vyoo vichache, mayai ya kichocho huingia majini kila siku. Kuna pia injini za mitumbwi, ndoano na vigae vya chupa. Mwalo wa Kirumba na sehemu zinapoegesha feri katikati ya jiji ziachwe kwa kazi zake. Midomo ya mito na mifereji nayo iepukwe. Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji, hubeba taka za makazi hadi ziwani, na baada ya mvua kubwa maji ya eneo lote la karibu hubadilika rangi. Ni busara kungoja siku mbili au tatu baada ya mvua kama hiyo. Siku ambazo maji yamekuwa ya kijani kizito na kufanya utando juu, kama inavyotokea mara kwa mara katika Ghuba ya Mwanza, mtu asiingie na mtoto asiyanywe, kwa kuwa baadhi ya mwani huo hutoa sumu.

Jambo la tatu ni umbo la chini. Mwanza inaitwa jiji la miamba, na miamba haiishii nchi kavu. Jabali lililozama nusu mita chini ya maji halionekani, kwa sababu maji ya ziwa karibu na jiji si maangavu kiasi hicho. Kila mwenye mazoea ya kuruka kichwa mbele kutoka juu ya jiwe anacheza na shingo yake. Sheria ni moja: mara ya kwanza mahali popote huingiwa kwa miguu, polepole, hata kwa muogeleaji hodari.

Kwa kufuata vipimo hivyo, fukwe za upande wa Ilemela zinazotazama ziwa la wazi, kama zile za Tunza, humfaa mkazi wa Igoma kuliko ghuba za ndani zenye matete upande wa Luchelele na Malimbe. Nyingi ya fukwe hizo nzuri zimo mikononi mwa hoteli, na kuingia huwa na kiingilio au sharti la kununua kinywaji. Kwa familia ya watu sita, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, hiyo si gharama ndogo. Lipo basi jambo la haki ambalo wananchi wanaweza kulijadili katika vikao vyao. Sheria za mazingira na za rasilimali za maji zinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ulikusudiwa kuyalinda maji, na ukanda ulio wazi ndio unaoweza pia kumpa mtu wa kawaida njia ya kuyafikia.

Asiyeweza kulipa anaweza kupata ufukwe wa wazi katika vijiji vya wavuvi, nje kidogo ya mwalo wenyewe. Huko kuna hazina isiyoandikwa popote: watu wanaoyajua maji hayo. Viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, au mvuvi yeyote mzee anayeshona nyavu kivulini, atajibu maswali matatu kwa dakika mbili. Je, mamba au kiboko ameonekana hapa mwaka huu? Chini pana mchanga au tope, na pananyooka mpaka wapi? Mkondo unavuta kwenda upande gani? Akisema pale si pazuri, mazungumzo yamekwisha. Mgeni asibishane naye kwa sababu tu aliona watoto wanaogelea. Huenda watoto hao ndio waliomfanya mzee huyo ajue.

Saa ya kuingia

Hapa ndipo zile hatari mbili zinazovutana hupatanishwa kwa kiasi fulani. Viumbe wa kichocho hutoka ndani ya konokono kwa kufuata mwanga, na huwa wengi zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, jua likiwa kali. Ndiyo saa ambayo watoto hupenda kuogelea. Upepo nao una ratiba yake. Katika siku za kawaida za kiangazi ziwa huamka likiwa tulivu, kisha mchana upepo huanza kuvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu na kuinua mawimbi. Viboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Ukiyaweka yote pamoja, inabaki nafasi nzuri kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi: jua limekwisha kupanda, viboko wamekwisha kuondoka ufukweni, upepo bado, na viumbe wa kichocho hawajawa wengi. Hiyo inamaanisha kuondoka Igoma mapema, jambo ambalo kwa familia yenye watoto wadogo si rahisi, lakini ndilo lenye faida kubwa kuliko tahadhari nyingine yoyote isiyo na gharama. Ngurumo zikisikika, hata kwa mbali, watu wote watoke majini.

Kujifuta kwa nguvu kwa taulo kavu mara baada ya kutoka kunaweza kupunguza maambukizi, ila hakuyazuii. Kusichukuliwe kuwa kinga. Mwenye pipa nyumbani ana njia nyingine kwa watoto wadogo kabisa: maji ya ziwa au ya lambo yasiyo na konokono, yakihifadhiwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, hupoteza uwezo wa kuambukiza kichocho, kwa kuwa viumbe wale hawaishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Karai kubwa uani si ziwa, lakini mtoto wa miaka mitatu hajali tofauti. Naye asiachwe peke yake hata kwenye karai.

Kujifunza, na kumwokoa mwenzako

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Katika ukanda wa ziwa, shirika la EMEDO lenye makao yake Mwanza limekuwa likifanya kazi hiyo na jamii za wavuvi. Kujua kuogelea hakuzuii kila ajali, na ingekuwa kuwakosea waliolala Igoma kudai kwamba kungewaokoa abiria waliokuwa ndani ya meli iliyopinduka. Bali mtoto aliyeanguka shimoni mita mbili kutoka ukingoni anahitaji ujuzi mdogo sana: kulala chali, kutulia, kupumua, na kujisukuma mita hizo mbili. Ujuzi huo hufundishwa kwa siku chache katika maji yanayomfika mtoto kiunoni, mtu mzima anayejua akiwa ndani ya maji pamoja naye. Mtu mzima huyo asishughulike na simu.

Anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kinywa chake kiko usawa wa maji, mikono yake inabonyeza chini, na pumzi ya kuita hana. Mara nyingi walio ufukweni hudhani anacheza. Akionekana hivyo, mwokoaji asirukie. Anayezama humkumbatia na kumzamisha aliyemfuata. Amfikishie kitu. Fimbo ndefu, kanga mbili zilizofungwa pamoja, kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, ambalo linatosha kumshikilia mtu mzima juu ya maji. Dumu kama hilo lililofungwa kamba ya mita kumi na tano ni kifaa cha uokoaji ambacho takriban kila nyumba ya Igoma inacho, na familia yoyote inayokwenda ziwani ingefanya vema kulibeba.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo ili kutoa maji, ingawa ndivyo ifanywavyo mahali pengi. Muda unaopotea hapo ndio uhai wake. Alazwe chali, apuliziwe pumzi tano kinywani huku pua yake imebanwa, kisha abonyezwe katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, apuliziwe pumzi mbili, na mzunguko huo uendelee bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Mwingine apige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Aliyezinduka naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata akisema hajambo, kwa maana mapafu huweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Baada ya likizo

Kila aliyeogelea ziwani, na kwa mkazo zaidi kila aliyewahi kuingia lambo au kijito, anashauriwa kupima kichocho wiki sita hadi nane baada ya siku ya mwisho aliyoingia majini. Kupima wiki inayofuata ni kupoteza safari, kwani minyoo bado haijaanza kutaga na kipimo kitasema hakuna. Kituo cha afya huchukua mkojo na choo. Ni vema vyote viwili vipimwe, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, kwamba mtoto wa Igoma yuko karibu na ugonjwa wa pande zote mbili. Mkojo uchukuliwe mchana, kati ya saa nne na saa nane, ambapo mayai hutoka kwa wingi. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu, na ni hiyo hiyo inayotolewa shuleni katika kampeni za kumeza kingatiba. Imezwe baada ya chakula. Kwenye tumbo tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mtoto aliyetapika mwaka jana huikataa mwaka huu. Mtoto asiyekwenda shule, au aliyekuwa hayupo siku ya kampeni, hubaki bila dawa hiyo mpaka mzazi amlete mwenyewe kituoni.